Majirani wa Goba: kilichogongwa mguu, kinachopimwa moyo

Mama Nasra: Majirani habari za asubuhi. Baba Nasra kagongwa na nyoka jana jioni, alikuwa anafyeka nyuma ya banda la kuku. Tuko wodini tangu usiku.

Mzee Kondo: Lo! Pole sana mwanangu. Nyoka gani?

Mama Nasra: Shikamoo mzee. Mnene, mfupi, mabaka mabaka. Juma alimpiga picha kwa mbali, huku wanasema kifutu. Mguu umevimba mpaka gotini.

Baba Jeni: Mimi nina jiwe la nyoka, nililetewa kutoka Tabora. Nilete?

Sista Rehema: Baba Jeni liache hukohuko kabatini 😅 halinyonyi sumu. Mama Nasra, hamkumfunga kamba wala kumchanja?

Mama Nasra: Hapana, tulimvua viatu tu tukamkimbiza. Ila dada, wamembandika waya kifuani. Moyo unahusikaje hapo?

Sista Rehema: Sumu ya kifutu haikai mguuni tu. Maji ya kwenye damu yanavujia kwenye ule uvimbe, damu nayo inatoka, presha inashuka, moyo unafanya kazi na damu pungufu. Halafu sumu yenyewe inaweza kuvuruga mapigo: yakawa ya taratibu mno au yakaenda ovyo. Wakirudia kipimo cha umeme wa moyo usishtuke, kipimo kimoja hakitoshi.

Mama Nasra: Ndiyo, wamerudia. Na damu wameiweka kwenye kichupa, haiguswi dakika 20.

Sista Rehema: Wanaangalia kama inaganda. Ikibaki majimaji ujue sumu imeshaharibu mgando.

Mama Suzi: Shemeji yangu kule Kilosa alipogongwa na nyoka aliambiwa moyo kwenda vibaya ni woga tu

Sista Rehema: Woga mara nyingi unaupeleka mbio wifi. Ukipiga taratibu na presha iko chini, mtu asikimbilie kusema woga.

Mzee Kondo: Dawa ya sumu kapata?

Mama Nasra: Kwa dripu, alfajiri. Nesi hakubanduka kitandani.

Sista Rehema: Safi sana. Hiyo dawa nayo huwa inaleta mzio mkali, presha ikaporomoka ghafla. Lazima adrenalini, dawa ya kutibu mzio huo, iwe karibu.

Baba Jeni: Haya, mimi na Mzee Kondo tunakuja saa kumi. Tubebe nini?

Mama Nasra: Chaja ya simu na kanga mbili. Na uji, usiwe na sukari nyingi.

Mama Suzi: Uji napika mimi