Ofisi za ghorofa tatu na watu wamo ndani: rangi ya maji, silikati au chokaa?

MkandarasiMdogo: Wakuu, nina kazi ya kupaka jengo la ofisi. Mteja anataka rangi isiyochafua mazingira, na wafanyakazi hawahami. Ghorofa mbili za chini zilishapakwa rangi ya maji zamani. Ya juu ni plasta mpya ya saruji. Milango na vishikio vya ngazi vina rangi ya mafuta. Nalinganisha rangi ya maji yenye VOC kidogo (kemikali zinazovukia hewani), silikati (rangi ya madini) na chokaa. Mngechukua ipi?

Fundi_Rola: Kwa kuta za chini, chokaa isahau. Haishiki juu ya hiyo rangi ya maji ya zamani, itabanduka tu. Silikati nayo inataka kuungana na madini ya plasta yenyewe, kwa hiyo juu ya rangi ya zamani utahitaji praima (rangi ya msingi) maalumu, na hapo faida yake kubwa imeshaondoka. Chini weka rangi ya maji, juu weka silikati. Ila funika vioo vyote na uvae miwani: tone la silikati likikauka kwenye kioo linakila, hulitoi tena.

Nusa_Kopo: Naongezea kuhusu VOC, maana neno "kijani" kwenye kopo halina uzito wowote. Tafuta namba ya gramu kwa lita. Ulaya, tangu 2010, rangi ya kuta za ndani isiyong'aa haitakiwi kuzidi gramu 30 kwa lita. Rangi ya mafuta ya kawaida huwa na mamia. Halafu uliza namba hiyo ni kabla au baada ya kuchanganywa rangi dukani, kwa sababu baadhi ya vikolezo vya rangi huongeza VOC, hasa kwenye rangi zilizokolea. Wala usiamini pua. Kutonuka si ushahidi.

MzeeBrashi: Wote mnaongea gramu, hakuna anayeongea miaka. Sehemu kubwa ya madhara ya rangi kwa mazingira hutokea kiwandani, hasa kwenye kutengeneza ile titani dioksidi inayoipa weupe na uwezo wa kuziba. Rangi laini isiyooshika ukiipaka kwenye korido, mabega na mikoba vitaichafua na utarudi na ndoo nyingine mapema. Korido na ngazi zipewe rangi ya maji inayosuguliwa. Hiyo laini ipeleke kwenye dari.

Fundi_Rola: Hapo mzee kasema kweli.

Nusa_Kopo: Nakubali kwa korido. Lakini kwenye vyumba ambamo watu hukaa siku nzima, mimi bado namba ya VOC kwanza. Na kama kuna mwenye mzio wa ngozi, silikati na chokaa zina ualkali mkali unaozuia ukungu zenyewe. Rangi za maji nyingi hutiwa viuavijidudu ili zisioze kwenye kopo, na hivyo ndivyo huweza kuamsha mzio.

MkandarasiMdogo: Na milango? Nilitaka kuipiga msasa mkavu nimalize haraka.

MzeeBrashi: Simama hapo hapo! Jengo lina umri gani? Rangi za mafuta za zamani, hasa za njano na nyekundu, huweza kuwa na risasi, yaani ile metali yenye sumu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kikomo cha sehemu 90 kwa milioni. Pima kwanza. Ikiwemo, usitoe vumbi kabisa: msasa wa maji, plastiki sakafuni, barakoa ya vumbi laini, na watu watoke eneo hilo. Ikiwa salama, kwaruza kidogo hadi mng'ao uondoke, praima, kisha alkidi ya maji (rangi kama ya mafuta, ila huchanganywa na maji). Hukauka ngumu karibu sawa na ya mafuta na brashi unasuuza kwa maji, bila tina (thinner).

MkandarasiMdogo: Basi chini rangi ya maji, juu silikati, milango nasubiri kipimo. Maji ya kuoshea brashi nayamwaga wapi?

Fundi_Rola: Si kwenye mtaro wa mvua. Kwanza kwangua rola na brashi, rangi irudi kwenye ndoo. Osha kwenye ndoo mbili, acha matope yatuame, maji ya juu uyatumie tena kesho kwa kuoshea. Matope yakikauka, yatupe jinsi kanuni za taka za hapo ulipo zinavyosema.