Harufu ya samaki haiishi ndani ya gari hata baada ya kuosha: naomba ushauri

Mkazi wa Nyegezi (mwenye uzi):
Wakuu, habari za jioni. Ninatumia gari dogo la Kijapani nililolinunua likiwa limeshatumika, na kila Jumamosi nilikuwa nikilipeleka soko la samaki la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, kuchukua dagaa na sangara kwa ajili ya mgahawa wa mke wangu. Harufu ya samaki ilipoanza sikushangaa. Niliosha siti, nikaanika mazulia juani siku mbili, kisha nikaacha kabisa kubeba samaki. Hii ni wiki ya tatu ninakodi bajaji kwa kazi hiyo, lakini harufu ipo palepale. Aliyeisema kwanza ni mama mkwe, kwa hiyo mnaelewa uzito wa jambo hili.

Mama wa Igoma:
Pole kaka. Umeosha panapoonekana. Maji ya samaki hupenya chini ya zulia la buti na kutuama kwenye shimo la tairi la akiba. Toa tairi, sugua hapo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha kwa kitambaa, kisha uache buti wazi kutwa nzima. Marashi ya kuning'iniza usiyaguse, maana yakichanganyika na samaki utapata harufu ya tatu mbaya kuliko zote mbili.

Dereva wa Sengerema:
Je, haina utamutamu, na kioo cha mbele hakifanyi ukungu wenye mafutamafuta? Kama ndivyo, angalia rejeta ndogo ya hita iliyo nyuma ya dashibodi, huenda inavuja.

Mkazi wa Nyegezi:
Utamu hakuna, na maji ya rejeta hayajapungua. Mama, nimetoa tairi la akiba leo: shimo ni kavu na halinuki.

Fundi Mstaafu:
Ndugu, kabla hujaosha tena naomba unijibu mambo matatu. Asubuhi unapofungua mlango, harufu unaikuta au inakuja baadaye? Inabadilika ukiongeza au ukipunguza kasi ya feni? Na zulia la miguuni kwa abiria wa mbele lina unyevu?

Mkazi wa Nyegezi:
Shikamoo mzee. Asubuhi siisikii kabisa. Inakuja baada ya kama dakika kumi, hasa mchana kwenye foleni ya Mkuyuni ninapoweka feni namba ya juu kabisa, na nikiizima inapungua taratibu. Zulia ni kavu.

Fundi Mstaafu:
Marahaba. Basi waache samaki, hawana kosa. Harufu iliyomo kwenye zulia ungeikuta asubuhi, kwa sababu gari limelala limefungwa vioo. Uvundo wa ukungu kwenye kiyoyozi, ambao huletwa mara nyingi na bomba la kutolea maji lililoziba, hutoka mara tu unapowasha, na ungekuwa unafanana na nguo zilizoanikwa zikiwa mbichi. Yako inafuata feni, na inafuata joto. Baadhi ya plastiki zinazotumika kwenye soketi za umeme na maganda ya nyaya, zikipata joto kali, hunuka kama samaki aliyeoza. Feni ikiwa namba ya juu huvuta umeme mwingi, na pini ikiwa imelegea hapo ndipo joto linapozaliwa. Usiendelee kuitumia feni hiyo. Mwambie fundi umeme achomoe waya hasi wa betri, ashushe droo iliyo mbele ya abiria, aitazame soketi ya feni pamoja na rezista yake, yaani kile kifaa kinachopunguza kasi ya feni.

Mama wa Igoma:
Mzee, mbona fyuzi haijakatika?

Fundi Mstaafu:
Fyuzi hukatwa na wingi wa umeme unaopita ndani yake, lakini haijui kwamba pini moja mbele ya safari inaungua. Umeme unaweza kuwa wa kiwango cha kawaida kabisa huku plastiki ikiyeyuka. Wapo wanaoongeza fyuzi kubwa wakidhani wanatibu. Hao ndio magari yao huwaka moto barabarani.

Mkazi wa Nyegezi:
Nimerudi, wakuu. Soketi ya feni ilikuwa nyeupe upande mmoja na upande mwingine imekuwa rangi ya kahawa iliyoungua, pini moja ni nyeusi, na nilipoinusa kwa karibu nilidhani nimesimama Mwaloni saa nane mchana. Feni yenyewe ilikuwa nzito kuzunguka, imejaa vumbi na majani makavu, na fundi anasema uzito huo ndio uliokuwa ukiifanya ivute umeme kupita kawaida. Amekata kipande cha waya kilichoungua, amefunga soketi mpya na rezista mpya, amesafisha feni. Jana nimekaa kwenye foleni ileile dakika arobaini, feni namba nne, na sikusikia chochote. Kesho ninampeleka mama mkwe kupanda kivuko cha Kamanga. Sijamwambia neno, ninasubiri aseme mwenyewe.