Naomba ushauri: Raspberry Pi 4 inagoma kuwasha LibreELEC, taa inameta mara saba

Wakuu habari zenu. Nina Raspberry Pi 4 (ile kompyuta ndogo ya bodi moja) ya RAM GB 2, nataka iwe ya kuchezea filamu na muziki kwenye TV. Nimepakua LibreELEC (mfumo endeshi wa kuchezea filamu na muziki), toleo la Pi 4 hasa, si la Pi 5, nikaiandika kwenye memori kadi ya GB 32. Kazi ilikwisha bila kosa lolote.

Nikiwasha, inatokea ile skrini ya rangi za upinde wa mvua, halafu giza. Basi. Taa nyekundu inawaka muda wote. Ya kijani inameta mara saba, inatulia, inarudia tena saba. Ninavyojua, saba maana yake bodi haioni keneli (kiini cha mfumo, faili la kernel.img), na nne ni kukosa start.elf, faili la kuanzishia bodi. Sasa kadi nikiichomeka kwenye kompyuta, faili la kernel.img nalikuta pale pale, na lina ukubwa wake!

Waya wa HDMI uko kwenye tundu lililo jirani na la umeme, kwa hiyo hapo msinirudishe. Chaja ndiyo inanitia shaka: ni ya simu, imeandikwa 5V 2A, wakati Pi 4 inataka 3A. Ila umeme mdogo ungeleta kosa lile lile kila ukiwasha? Mimi naihisi zaidi kadi.

Aliyewahi kukutana na hizo saba anisaidie: nianze na kadi au chaja? Na je, butiloda (programu ya kuwashia bodi) ya zamani kwenye EEPROM, ile chipu ya kumbukumbu ya bodi, inaweza kuleta hili? Kadi haina kitu cha maana, naweza kuifuta hata sasa hivi.