Git au Subversion: timu imekua, faili nazo zimekuwa nzito

Swali
Wakuu, tulianza watatu, sasa tuko wasanidi kumi na mmoja kwenye Subversion (kama Git, ni mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo). Msimbo ni kama MB 300, lakini kuna GB 40 za picha na modeli za 3D. Kila tukiunganisha tawi (mstari wa kazi wa pembeni) lililokaa wiki mbili, migongano inatula siku nzima. Tuhamie Git?

Jibu la 1
Kwa msimbo, ndiyo. Tawi la Git ni kiashiria tu cha komiti (badiliko lililohifadhiwa), na kila mtu anakuwa na historia nzima kwenye mashine yake. Ila tawi la wiki mbili litawasumbua popote mtakapokwenda. Unganisheni kila siku, vipande vidogo.

Zinazonitia hofu ni zile GB 40. Git hutunza kila toleo la faili, na kuifuta leo hakupunguzi kitu kwa sababu bado imo kwenye historia. Tumieni Git LFS (kiongezi kinachotunza faili kubwa nje ya hazina ya kawaida ya Git) tangu mwanzo: `git lfs track "*.psd"`, kisha komitini `.gitattributes`, faili inayohifadhi agizo hilo, kabla ya picha yoyote. Mkichelewa, picha inaingia kwenye Git ya kawaida. Kuitoa ni kuandika historia upya: heshi (vitambulisho vya komiti) zote kuanzia hapo zinabadilika na kila mtu inabidi akloni, yaani anakili hazina nzima, tena.

Jibu la 2
Kwenye picha mimi nasita. Modeli moja ikibadilishwa na watu wawili haiunganishiki, kazi ya mmoja inapotea. Hapo dawa ni kufuli. Subversion ina `svn:needs-lock`: faili ni ya kusoma tu mpaka uombe kufuli. LFS nayo inafunga, ukiongeza `--lockable` kwenye `track`, lakini seva yenu lazima ikubali kufuli hizo, pimeni kwanza. Mimi ningehamisha msimbo pekee, picha zibaki zilipo.

Muulizaji
Nimeelewa. Na historia ya msimbo?

Jibu la 1
Ifungeni Subversion isipokee komiti upande wa msimbo, kisha:

`git svn clone --stdlayout --no-metadata --authors-file=waandishi.txt --ignore-paths=... ANWANI-YA-HAZINA`

`--stdlayout` inategemea folda za `trunk`, `branches` na `tags`. Kwenye `--ignore-paths` wekeni folda za picha. Katika `waandishi.txt`, kila jina la Subversion lilinganishwe na jina kamili na baruapepe. Likikosekana moja tu, amri inakatika njiani. Mwisho, lebo za zamani (alama za matoleo, zile za `tags`) zitaonekana kama matawi ya mbali, hivyo zigeuzeni kwa `git tag` kabla ya kusukuma kwenye seva.