Mjadala: Mwenye bustani akishawazoesha watu kuingia, anaweza kufunga geti?

Wadau, naomba tulijadili hili kupitia kisa cha Villa Borghese, bustani ya hekta kama 80 katikati ya Roma. Leo unaingia bure. Ilianza karne ya 17 ikiwa mali binafsi ya Kardinali Scipione Borghese, mpwa wa Papa Paulo V, na ukoo wake ukawaachia watu wa Roma watembee humo vizazi kwa vizazi. Mwaka 1885 mageti yakafungwa. Manispaa ikaenda mahakamani, na mwaka 1887 mahakama ya juu ikaamua kwamba wananchi wana haki ya kuitumia. Serikali ya Italia iliinunua mwaka 1901, ikaikabidhi kwa jiji 1903.

Wanaoipinga hukumu ile husema: ukimbana mkarimu kwa ukarimu wake, kesho nani atafungua geti? Hoja hiyo ni nzito. Jirani akikuruhusu kukatiza kiwanjani kwake, hajakupa kiwanja.

Lakini akina Borghese hawakunyamaza tu watu wakapita. Walichonga ruhusa kwenye jiwe, kwa Kilatini, kwa sauti ya mlinzi wa bustani: yeyote uliye, kama ni mtu huru, usiogope hapa pingu za sheria, nenda utakako, omba utakacho, ondoka upendapo. Jiwe likaongeza kuwa vyote hivyo vimeandaliwa kwa ajili ya wageni kuliko mwenyewe! Sharti lilikuwa adabu tu. Tangazo la namna hiyo likishasomwa na vizazi, mrithi hawezi kuamka asubuhi akasema ilikuwa hisani yake.

Halafu tazameni bustani jirani, Villa Ludovisi. Miaka hiyohiyo ya 1880 wenyewe waliikata viwanja, miti ikaangushwa, majengo yakapanda. Ndipo ulipo mtaa wa Via Veneto leo. Kilichosalia pale ni kidogo sana, hasa jumba la Casino dell'Aurora. Hakuna hukumu iliyoweza kurudisha miti ile, na hilo linaniuma kuliko hasara yoyote ya mwenye mali.

Mimi nipo upande wa mahakama. Anayepinga anijibu: watu watumie eneo kwa muda gani, na mwenyewe awe ametamka nini, ndipo matumizi yawe haki? Mwaka mmoja hautoshi, hapo tunakubaliana. Je, vizazi vitatu?