Sungura wangu amenenepa kupita kiasi, nimpunguzeje haraka?

Mama Pamba:
Habari zenu wadau. Nina sungura jike anaitwa Pamba, umri miaka mitatu, aina ya Netherland Dwarf. Amenenepa mno. Nimempima leo, kilo 3.6. Akikaa, ngozi ya chini ya kidevu inafunika miguu ya mbele, na huko nyuma anachafuka, kinyesi laini kinaganda kwenye manyoya. Nadhani anaharisha. Naomba njia ya kumpunguza haraka kabla joto halijazidi. Kejeli sitaki, presha ninayo tayari.

SufuriaMoto:
Kilo 3.6? Huyo hajanenepa, huyo ameiva. Natania jamani, nimeshakimbia.

Mzee wa Nyasi:
Pole mama. Taja anachokula kwa siku, kwa gramu. "Kidogo" na "kawaida" havipimiki.

Mama Pamba:
Chakula cha kawaida tu cha sungura.

Mzee wa Nyasi:
Ndiyo hilo jibu nililolikataa.

Kidole Mbavuni:
Mwacheni kwanza na gramu. Mama, mizani haikuambii kama kanenepa, mikono ndiyo inayoambia. Muweke sakafuni kwenye taulo asiteleze. Viganja viwili kila upande wa kifua, nyuma ya miguu ya mbele, bonyeza taratibu. Mbavu unatakiwa uzihisi moja moja chini ya tabaka jembamba. Ukilazimika kukandamiza ndipo uzipate, ana mafuta. Kisha pitisha kidole juu ya uti wa mgongo: mifupa ikichoma kama ncha, amekonda, ikiwa ya mviringo, yuko sawa, usipoipata kabisa, hapo kweli kuna kazi. Malizia kwenye nyonga.

Hiyo ngozi ya kidevu isikutishe peke yake. Majike wengi wanayo kwa maumbile. Ubaya ni ikiwa kubwa hadi hawezi kuinama kujisafisha.

Fikra Huru:
Na mgongo ukiwa umekonda huku tumbo linakua, hayo si mafuta. Jike wa miaka mitatu ambaye hajafungwa kizazi, uvimbe wa mfuko wa uzazi ni jambo la kufikiria mapema, na hatari inapanda kila mwaka. Amefungwa kizazi? Kuna dume karibu? Mimba ya sungura ni siku 31 tu, unaweza kukuta unamhangaikia mnene kumbe ni mja mzito.

Mama Pamba:
Dume hakuna. Alifungwa kizazi zamani. Mbavu sizipati hata nikibonyeza, mgongo nauhisi kwa mbali. Kwa hiyo ni mafuta. Nimeuliza jinsi ya kupunguza, siyo jinsi ya kupapasa.

Mlinzi wa Wanyonge:
Mnyama haombi kuwekwa kizimbani akilishwa mchana kutwa. Binadamu tunawafunga viumbe kisha tunashangaa wananenepa. Kama huna nafasi ya sungura kukimbia, usifuge.

Mzee wa Nyasi:
Mahubiri baadaye ndugu. Mama Pamba, swali moja na ujibu moja kwa moja: leo amekula nini, na kinyesi cha gololi kikoje?

Mama Pamba:
Leo maji, na kipande cha karoti asubuhi.

Mzee wa Nyasi:
Na jana?

Mama Pamba:
Jana pia. Nimeondoa chakula chote tangu jana asubuhi, hata nyasi kavu, maana anazitafuna mchana kutwa. Nilisoma mahali kuwa kufunga kunapumzisha tumbo. Gololi zimekuwa chache na ndogo, lakini hilo ni jambo la kutarajia kama haingii kitu, au siyo? Nafanya kwa nia njema, na wanyama wa porini nao hulala na njaa.

Mzee wa Nyasi:
Rudisha nyasi kavu sasa hivi, kabla hujasoma sentensi inayofuata.

Umeweka? Haya. Utumbo wa sungura unasukumwa na nyuzinyuzi, na unatakiwa utembee muda wote. Ukikosa nyuzinyuzi unapunguza mwendo, gesi inajaa, maumivu yanamfanya agome kula, na kugoma kunauzuia zaidi. Kutapika hawezi. Aliye mnene ana hatari ya pili juu yake: mwili ukikosa chakula unavuta mafuta kuyapeleka kwenye ini, ini linajaa mafuta na kushindwa kazi. Yule unayetaka kumfungisha ndiye asiyehimili kufunga.

Dokta Mbali:
Naongeza la haraka. Mpigie daktari wa mifugo leo, usingoje kesho. Mwambie maneno haya: mnene, hajala nyasi tangu jana, gololi zimepungua. Akikunja mwili, akisaga meno kwa nguvu, masikio yakiwa ya baridi, au tumbo likiwa gumu kama ngoma, mbebe umpeleke. Tumbo gumu usimsukumie chakula kwa bomba la sindano, na usimpe dawa ya kusukuma utumbo kwa kubahatisha, huenda kuna kizuizi. Sungura asiyekula wala kunya kwa saa 12 ni dharura.

Mama Pamba:
Mnanitisha. Nyasi nimeweka. Ananusa. Daktari nitampigia kesho, leo nimechoka.

Chai Rangi:
Wadau, mnatoa jasho bure. Hii ni chai, tena ya tangawizi. Netherland Dwarf mzima anacheza kwenye kilo moja, viwango vya maonyesho Marekani vinaishia kilo 1.13. Huyu wa dada ni zaidi ya mara tatu. Sungura kibeti wa kilo 3.6 hayupo, angekuwa mpira wenye masikio. Mtu katunga, nyie mnaandika risala.

SufuriaMoto:
Nilijua! Mzani umewekwa mguu juu.

Mama Pamba:
Sijatunga chochote. Muuzaji aliniambia kibeti. Alikuwa anatosha kwenye kiganja.

Kidole Mbavuni:
Chai Rangi, hesabu yako ni sahihi, hukumu ndiyo imekosea. Kitoto cha sungura wa aina yoyote kinatosha kiganjani. Kuuziwa mtoto wa sungura wa kawaida kwa jina la kibeti ni jambo la kila siku. Mama, masikio yake yana urefu gani kutoka kwenye shina?

Mama Pamba:
Nimepima sasa hivi, sentimita 11.

Kidole Mbavuni:
Kibeti ana masikio mafupi, sentimita tano hivi. Wako si kibeti. Na hii inabadilisha kila kitu: ungemlenga afike kilo moja ungemuua. Mwenye umbo hilo huenda uzito wake mzuri ni kilo tatu na ushee, yaani una gramu mia kadhaa za kupunguza. Lengo liweke kwa mbavu, mizani ikupe mwelekeo tu.

Chai Rangi:
Masikio yameongea, narudisha kikombe. Lakini menyu bado hajaitaja.

Mama Pamba:
Sawa. Kikombe kilichojaa, nimekipima ni gramu 150, ule mchanganyiko wenye mahindi na mbegu za alizeti. Na ndizi nusu jioni. Anaipenda sana, siwezi kumkatalia.

Mzee wa Nyasi:
Hapo sasa tunaongea. Na hako si kaharisho. Sungura hutoa kinyesi laini kama kishada cha zabibu ndogo na hukila moja kwa moja kutoka nyuma. Wanga ukizidi kinakuwa kingi na cha ujiuji, na mnene hafiki kukichukua, ndiyo kinaganda. Kuharisha kweli ni majimaji bila gololi hata moja, na hiyo ni dharura.

Osha sehemu ile tu kwa maji ya uvuguvugu, kausha hadi kwenye ngozi. Usimtumbukize mzima. Wakati wa joto mkague nyuma asubuhi na jioni, nzi wakitaga, mayai huanguliwa ndani ya siku moja na funza wanakula nyama hai.

Chakula: nyasi kavu bila kipimo, kila siku rundo lisilopungua ukubwa wa mwili wake. Ziwe nyasi za kawaida; lusini, yale majani ya malisho ya jamii ya kunde, waachie watoto na wanaonyonyesha. Akishakula vizuri na gololi zimerudi ukubwa wake, anza peleti tupu, yaani chakula kilichosagwa na kushindiliwa vipande vidogo, zisizo na nafaka wala mbegu, nyuzinyuzi asilimia 18 au zaidi. Kwenye mchanganyiko anachagua utamu na kuacha nyuzinyuzi. Badilisha kidogokidogo kwa wiki mbili, huku jumla ikishuka kutoka 150 hadi 110, kisha 75. Kawaida ya juu ni gramu 25 kwa kila kilo ya uzito anaostahili, kwa hiyo 75 ni dari. Baadaye utashuka chini yake mbavu zikikataa kuhisika. Majani mabichi ongeza aina moja moja. Ndizi ifute.

Fundi Mizani:
Kupima: beseni juu ya mizani ya jikoni, taulo ndani, rudisha sifuri, muweke. Asubuhi ileile kila wiki, kabla ya peleti. Shuka ya asilimia 1 hadi 2 kwa wiki inatosha, kwake ni gramu 36 hadi 72. Ikizidi hapo, rudisha chakula kidogo. Tumbo lililojaa linaweza kuficha tofauti hiyo, kwa hiyo angalia mwenendo wa wiki tatu au nne. Kizimba kiwe wazi saa kadhaa kwa siku. Usimfukuze akimbie, tawanya nyasi pembe tofauti, weka na boksi la kupanda.

Mama Pamba:
Anatafuna nyasi, na nimeona gololi nne. Daktari nimempigia, amesema nimpeleke leo jioni. Swali la mwisho: akirudi nimpe kipande cha ndizi cha pongezi?

Mzee wa Nyasi:
Hapana. Ukishaanza peleti, toa kumi kutoka kwenye mgao wake wa siku, umpe moja moja mkononi. Na hizo kumi usizirudishe kwenye bakuli.