Naomba ushauri: safu ya ndani ya Dodgers 2025

Wakuu, nawaandalia mashabiki wenzangu uchambuzi wa Dodgers, timu ya besiboli ya Los Angeles, kabla ya mechi ya ufunguzi Tokyo, 18 Machi, na nimekwama kwenye safu ya ndani, yaani walinzi wa karibu na beisi. Freddie Freeman beisi ya kwanza, sawa, japo kifundo chake cha mguu kilifanyiwa upasuaji Desemba. Max Muncy beisi ya tatu, simjadili. Kinachoniumiza kichwa ni Mookie Betts kurudishwa shotistopu, mlinzi wa kati ya beisi ya pili na ya tatu. Ana Gold Glove (tuzo ya mlinzi bora wa nafasi yake) 6, zote za ulinzi wa nje upande wa kulia! Huku ndani mpira unakuja chini kwa kasi, unadunda vibaya, na ukiuokota sharti uurushe papo hapo. Gavin Lux, aliyekuwa beisi ya pili, naye keshapelekwa timu ya Cincinnati. Mnaofuatilia mazoezi ya kabla ya msimu Arizona, niandike kwamba kwenye shotistopu pana udhaifu? Na beisi ya pili mngemweka Tommy Edman au Hyeseong Kim?